Miaka Minane Ikulu, na Bado Tunamwita Balozi

Ijumaa ya tarehe 14 Agosti, saa nne kamili asubuhi, Rais wetu atakabidhi ofisi na kustaafu utumishi wa umma baada ya miaka arobaini na mmoja na miezi minne. Miaka miwili ya mwanzo aliitumia masjala, minne iliyofuata kwenye itifaki, mingi ya katikati ughaibuni na wizarani, na minane ya mwisho hapa hapa, katika ofisi ya kona yenye dirisha lisilofunga vizuri. Mhariri wa jarida letu la wafanyakazi ameniomba niandike wasifu wake kwa sababu, kwa maneno yake, mimi ndiye niliyemjua kabla hajawa mtu. Namsahihisha mhariri. Alikuwa mtu siku zote. Kilichoongezeka ni idadi ya magari.

Watu wa nje humwita Mheshimiwa Rais. Sisi humu ndani tunauliza tu, "Balozi yuko?" Wiki yake ya kwanza Ikulu, mkuu wa itifaki alitoa waraka wa kurasa mbili kukataza jina hilo, kwamba cheo kidogo hakiwezi kufunika cheo kikubwa. Waraka ukapelekwa kwake auone. Ulirudi masjala na neno moja kwa wino wa bluu: "Nimeuona." Chini yake alitia saini: "Balozi." Tangu siku hiyo mkuu wa itifaki naye anamwita Balozi, ingawa hushusha sauti kidogo.

Ni mtoto wa pili wa karani wa tiketi za reli na mama mshonaji wa sare za shule. Baba alifariki mapema, na cherehani ya kukanyaga ya mama ndiyo iliyolea watoto watatu. Chumba cha mbele kilikuwa karakana, na yeye alikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa, akiokota vifungo na kusikiliza wateja. Mama yake alikuwa na somo moja alilompa kila aliyejifunza kazi kwake. Mteja akipimwa kiuno huvuta tumbo ndani. Ukimpima hapo hapo, sare itamkataa kabla ya wiki kwisha. Usimwambie aache. Msubiri apumue, ndipo upime. Balozi amelisimulia somo hilo kwa mawaziri, majenerali na wanafunzi, na sijawahi kumsikia akilieleza maana. Huwaachia wenyewe.

Alianza kazi wizara ya mambo ya nje akiwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa daraja la chini kabisa, kwenye masjala iliyokuwa ghorofa ya chini pamoja na mabomba ya maji. Mimi niliajiriwa miaka miwili baadaye, yeye akiwa anajiandaa kuhamia itifaki, akapewa wiki tatu za kunifundisha. Siku ya kwanza alinikabidhi jalada nene na kuniambia nilisome lote kabla sijalipatia namba. Nikamwambia kazi ya karani ni kutunza mafaili, si kuyasoma. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyetupa dawa. "Ndugu yangu," akasema, "utamtunzaje mtu usiyemjua?" Nimeyasoma mafaili tangu hapo, na ndiyo maana nayajua ninayoyaandika leo.

Kwenye itifaki nusura afukuzwe mwezi wa kwanza. Alipewa kupanga viti vya chakula cha mchana cha mabalozi, akawakalisha bega kwa bega mabalozi wa nchi mbili zilizokuwa zimevunja uhusiano miaka sita kabla ya hapo. Mkuu wake alipoona kadi za majina, wageni walikuwa wameshaketi na supu imeshamiminwa. Mzee yule alisimama nyuma ya pazia akifuta jasho mpaka matunda yalipoletwa. Alipochungulia, mabalozi wale wawili walikuwa wameinamiana wakioneshana picha za wajukuu. Binti wetu alipata barua mbili mwezi huo: onyo kwa uzembe, na pongezi ya kupandishwa daraja. Zote mbili zimo kwenye jalada lake, zimefuatana, zimesainiwa na mkono ule ule. Mpaka leo hajakubali kwamba alifanya makusudi. Wala hajakataa.

Hapa inabidi nimlete Shemeji, maana bila yeye wasifu huu ungekuwa nusu. Balozi alipopangiwa kituo chake cha kwanza nje ya nchi, alitakiwa kuchanjwa. Muuguzi aliyemchanja alikuwa kijana mrefu, mpole, wa wodi ya watoto, aliyekuwa ameshikizwa kwenye chumba cha chanjo kwa siku moja tu. Sindano ilipoingia, mwakilishi wetu mtarajiwa alizirai. Alipofumbua macho, yule muuguzi alikuwa amemshikia miguu juu. "Dada," akamwambia, "nchi nzima inakutegemea wewe, na wewe umeangushwa na kitu cha inchi moja?" Walioana miezi minane baadaye.

Tunamwita Shemeji kwa sababu Balozi ni dada yetu, na mume wa dada ni shemeji, hakuna waraka unaoweza kubadili hilo. Mkuu wa majeshi anamwita Shemeji. Alimfuata mkewe katika vituo vinne, akalea watoto wawili, na kwenye tafrija nyingi alipokelewa na kadi ya kifuani iliyoandikwa "Mke wa Mheshimiwa," kwa kuwa wenyeji hawakuwa wamefikiria kwamba ingeweza kuwa vinginevyo. Wanaume wengine wangenuna. Yeye aliibandika, akaisawazisha mbele ya kioo, akaingia ukumbini kifua mbele.

Sasa nifike kwenye ile habari ambayo vijana wengi wa hapa wameisikia vipande vipande. Nilikuwepo, kwa hiyo niiandike mara moja iishe.

Ulikuwa mwaka wake wa ishirini kazini, wa pili akiwa balozi kamili, katika nchi jirani. Mimi nilikuwa karani wa masjala ubalozini. Jumatatu moja, kabla ya chai ya asubuhi, serikali ya nchi ile ilianza kuanguka, na hadi Jumatano mji ulikuwa umegawanyika barabara kwa barabara. Wananchi wetu waliokuwa wakiishi pale walikuja ubalozini na walichoweza kubeba: magodoro, sufuria, na mwalimu mmoja bunda la mitihani aliyokuwa hajaisahihisha. Alhamisi tulihesabu watu mia mbili na kumi na wawili uani.

Siku hiyo hiyo ukaja ujumbe kutoka nyumbani. Ubalozi ufungwe, kumbukumbu ziteketezwe, balozi na maofisa waondoke kwa ndege itakayotua uwanja mdogo saa nane mchana. Ndege ilikuwa na viti tisa. Balozi aliusoma amesimama, akanipa. "Upe namba," akasema, kisha akaniamuru niandike jibu: "Ndege ina viti tisa. Nina watu mia mbili na kumi na wawili. Naomba maelekezo ya namna ya kugawanya." Jibu halikuja. Basi akagawanya mwenyewe: kinamama watano waliokuwa karibu kujifungua na majeruhi wanne. Ofisa wetu mwandamizi, mtu mwenye watoto wadogo nyumbani, alimfuata mpaka kwenye gari la kuwapeleka uwanjani.

"Balozi, ile ni amri."

"Ni amri kweli," akajibu. "Na mimi ni balozi wa hawa walioko uani. Wewe ukitaka kiti, sitakuzuia wala sitakuandika vibaya. Mwambie tu mmoja wa wale mama ashuke."

Ofisa yule alibaki. Sijui mpaka leo kama alibaki kwa ujasiri au kwa aibu. Nadhani vyote viwili huweza kufanya kazi ile ile.

Tulikaa siku kumi na saba. Mimi nilichoma mafaili kwenye pipa, siku mbili mfululizo, na anayejua kazi ya masjala ataelewa nikisema nilikohoa na kulia kwa wakati mmoja. Shemeji aligeuza chumba cha viza kuwa zahanati. Mama mmoja ambaye hakuna aliyejua siku zake zimekaribia alijifungua juu ya kaunta ya kupokelea maombi, chini ya tangazo lililosema picha mbili za pasipoti ni lazima. Mtoto ni msichana, leo yuko chuo kikuu anasomea uhandisi wa maji, na nyumbani kwao hawamwiti jina lake. Wanamwita Viza.

Njia pekee ya kutoka ilikuwa barabara ya kaskazini, na barabara hiyo ilikuwa mikononi mwa kamanda mmoja wa waasi aliyekaa kwenye kituo cha mafuta, juu ya kiti cha kinyozi kilichoporwa mahali fulani. Tulimwendea kwa miguu, Balozi mbele na mimi nyuma na mkoba. Kamanda alizungusha kiti mpaka akatutazama.

"Niite Rais," akasema, "nikufungulie njia."

Lilikuwa neno moja tu. Nakiri kwamba mimi ningemwita hata Malaika. Lakini balozi akimwita mtu rais, nchi yake imemtambua, na kama yule angeshindwa vita, watu wetu waliobaki sehemu nyingine za nchi ile wangelipia. Akamwambia, "Kamanda, siwezi. Nikikuita hivyo leo kwa woga, siku nikikuita kwa haki utaijuaje tofauti?"

Kamanda akageuza kiti, akatupa mgongo. Tulikaa juu ya tairi mpaka jua likashuka, tukarudi. Siku ya pili tukaenda tena, tukakalia tairi lile lile. Balozi hakubembeleza wala hakutisha. Alisalimia, akakaa. Siku ya tatu kamanda alianza kuongea mwenyewe: habari za mama yake mgonjwa, za wakubwa wa mji waliomdharau alipokuwa mkaguzi wa mabasi, za vijana wake wasiolala. Balozi aliuliza maswali madogo madogo tu. Mwishowe yule mtu akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, akasema, "Mimi nataka tu hao wakubwa wajue kwamba hapa hapiti mtu bila mimi."

Hapo Balozi akaniomba karatasi. Akaandika juu ya goti, herufi kubwa na safi: "Kwa Mwenye Mamlaka ya Barabara ya Kaskazini." Kisha ombi la kupitisha raia, mistari minne. Kamanda alilisoma kimya, halafu kwa sauti, halafu akawasomea vijana wake.

"Hili la mwenye mamlaka," akauliza, "ni lako au la serikali yako?"

"Ni la kweli," Balozi akajibu. "Ndiyo maana nimeliandika."

Njia ilifunguliwa kwa siku moja, tukapita kwa malori sita. Kabla ya wiki kwisha, tulisikia, kamanda alikuwa amechongesha mhuri wenye maneno yale.

Si wote tuliotoka. Mlinzi wetu wa lango, mtu wa makamo tuliyemwita Babu Lango, alikuwa raia wa nchi ile. Balozi alimpa nafasi kwenye lori la kwanza, yeye na bintiye. Alimpandisha binti, akakataa mwenyewe. "Nikiondoka nani atafunga?" akauliza, kama vile ni jambo lisilohitaji mjadala. Balozi alimsihi, kisha akaheshimu. Waporaji walikuja siku mbili baadaye, wakamuua pale pale langoni. Watu hushangaa kwa nini Balozi, aliyewashawishi watu wagumu kuliko wote, hujilaumu kwa kutomshawishi mlinzi mmoja. Binti yule alilelewa nyumbani kwa Balozi na Shemeji, pamoja na wanao, na leo ni mwanasheria. Siku ya kuapishwa kwake kuwa wakili, Balozi alikaa kiti cha mzazi.

Tuliporejea nyumbani kulikuwa na bendi uwanjani, na nyuma ya bendi mtu mwenye bahasha. Bahasha ilikuwa na onyo kali kwa kukaidi amri. Alihamishiwa chumba cha mwisho wa ukumbi, jirani na stoo ya viti vibovu, bila simu, bila karani. Aliwekwa benchi miaka miwili. Mtu mwingine angeota kutu. Yeye aliazima ubao, akatoa viti vinne stoo, akavigonga misumari, na maofisa wapya wakaanza kupita pale mchana kuuliza hili na lile. Kufikia mwaka wa pili stoo haikuwa na kiti hata kimoja. Nusu ya mabalozi wetu wa leo walisomea kwenye chumba kile ambacho hakikuwepo kwenye orodha ya madarasa yoyote.

Serikali ilipobadilika alirudishwa kundini, akapanda hadi kuwa katibu mkuu wa wizara. Hapo ndipo yalipotokea ya uchaguzi ule. Wengi mnakumbuka: wagombea wawili, kila mmoja amejitangaza mshindi, majuma kumi na moja maduka yamefungwa na jirani hamsalimii jirani. Kila mkubwa aliyejaribu kuwapatanisha alishindwa kabla ya kukaa. Balozi aliwaomba waje shule moja ya msingi, katika chumba cha walimu, bila wapambe. Chumba kilikuwa na mlango mmoja, birika moja, na viti vifupi ambavyo mtu hawezi kukaa kwa majivuno. Siku ya kwanza walizungumza na ukuta. Siku ya tatu mmoja alimmiminia mwenzake chai bila kufikiri. Siku ya sita walikubaliana kwamba hakuna atakayetawala, na kwamba yeye aliyewakalisha pale aongoze nchi kwa miaka mitatu ya mpito.

Aliomba mchana mmoja wa kutafakari. Hakwenda kwa wazee wa chama wala kwa washauri. Alikwenda hospitali, akakaa kwenye benchi la ukumbi wa wodi ya watoto mpaka Shemeji alipomaliza zamu. Shemeji alisikiliza huku akinawa mikono.

"Utakuwa unarudi nyumbani saa ngapi?" akauliza.

"Sijui."

"Basi ufunguo tutauacha kwa jirani."

Ndivyo tulivyompata Rais. Baada ya miaka mitatu aligombea kwa haki yake, akashinda, akapewa mitano. Mafanikio yake yamechapishwa kwenye kitabu cha serikali na sina haja ya kuyanakili: mkataba wa mpaka, sheria mpya ya uchaguzi, mahakama za wilaya. Mimi nitataja mawili yasiyomo kitabuni. Alipiga marufuku kufunga barabara kwa ajili ya msafara wake, hivyo Rais wa nchi amechelewa mikutano kwa foleni kama mimi na wewe. Na mkutano ulioandikwa saa tatu ulianza saa tatu, jambo lililowatia wazimu mawaziri watatu na kumstaafisha mmoja.

Wasifu usio na kosa ni tangazo la biashara, na Balozi mwenyewe, aliposikia naandika, aliniambia nisiruke mgomo.

Miaka miwili iliyopita wauguzi waligoma. Shida yao ilikuwa watu: muuguzi mmoja kwa vitanda arobaini, zamu juu ya zamu. Serikali ilisema warudi kwanza, waongee baadaye. Wiki mbili zikapita, washauri wakamwambia akilegea kwa hawa, kesho watagoma na wengine. Akatia saini kufukuzwa kwa wauguzi mia sita na arobaini. Orodha ikaja masjala kwangu ili barua zitolewe. Kama nilivyofundishwa, niliisoma. Namba mia moja na kumi na nane alikuwa Shemeji. Hakuwa ameacha kazi yake hata siku mkewe alipokuwa Rais, na wenzake walipotoka, alitoka nao.

Nilipanda ghorofani na orodha mkononi. "Balozi," nikasema, "kuna jina humu." Akasoma. Akaweka kalamu chini.

"Nikimtoa," akasema, "nitakuwa nimewafukuza mia sita na thelathini na tisa kwa kosa la kutokuwa mume wangu."

"Na usipomtoa?"

"Peleka kama ilivyo."

Shemeji alikuja mwenyewe kuchukua barua. Alitia saini kwenye kitabu changu, akaisoma pale pale. Nikampa pole. "Pole ya nini?" akasema. "Imeandikwa vizuri, haina kosa hata moja." Kwa siku tisa zilizofuata, nyumbani kulikuwa na mgomo wa pili. Hakugomba. Alimwita mkewe Mheshimiwa. Mheshimiwa, chai iko mezani. Mheshimiwa, nakwenda kwa wenzangu. Wanaowajua wale wawili watakubali kwamba hilo lilikuwa neno kali kuliko tusi.

Siku ya tisa, asubuhi, Balozi alikwenda wodi ya watoto bila kamera. Alikuta muuguzi mmoja mstaafu aliyeitwa kuziba pengo, wanafunzi wawili, na watoto arobaini na watatu. Mama yule mstaafu hakuinua kichwa. "Kama umekuja kutazama, kaa pale," akasema. "Kama umekuja kusaidia, mshike huyu." Alimshika. Alimshika saa mbili, akishusha huyu na kupokea yule, na koti lake likaharibika. Kisha alitembea mpaka nje ya lango walipokuwa wamekusanyika wagomaji, akaketi mwisho wa benchi, akangoja zamu yake ya kusema. Waliozungumza kabla yake hawakumhurumia.

Zamu yake ilipofika alisimama. "Nilitia saini barua mia sita na arobaini bila kuingia wodi hata moja," akasema. "Nilikosea. Barua nazifuta leo. Kesho saa tatu tukae tuhesabu watu kwa kila zamu, na sitaondoka mezani kabla yenu."

Sauti ya upole ikatoka nyuma: "Mheshimiwa, hilo la kufuta, tutalipata kwa maandishi?" Alikuwa Shemeji. Watu wakacheka, naye akacheka, akifuta macho kwa koti lile lile lililochafuka. Maandishi yalitoka alasiri hiyo. Shemeji ameitundika sebuleni ile barua ya kufukuzwa. Ya kurudishwa haonekani kujua aliiweka wapi.

Lakini watoto wawili walifariki katika majuma yale, na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama wangepona. Balozi alikwenda kwa mama zao, mmoja mmoja. Mmoja alimkaribisha, wakalia pamoja. Wa pili alikataa kufungua mlango. Balozi alisimama nje kwa muda, akaita pole yake kupitia mbao, akaondoka. Hakumtuma mtu kumbembeleza mama yule, na alitukataza tusimseme.

Mwaka jana viongozi wa chama walimjia na sahihi za watu wengi, wakimwomba agombee tena, maana sheria inamruhusu. Aliwapa chai, akasoma karatasi zote mpaka ya mwisho. "Mnaniomba nibaki," akawaambia, "na mnaniomba vizuri. Ndiyo maana naondoka sasa. Nikingoja mpaka mniombe niondoke, hamtaniomba kwa adabu hii." Mmoja wao, rafiki yake wa miaka mingi, alitoka bila kuaga, na hawajapatana bado. Namtaja kwa sababu Balozi amemwekea kiti Ijumaa, safu ya mbele, na ametukataza kumpa mtu mwingine.

Wiki hii amekuwa akipita chumba kwa chumba kuaga: jikoni, chumba cha simu, karakana, kibanda cha walinzi. Kwetu masjala alikaa saa nzima, akaomba kuliona jalada lake, akalisoma lote, akasahihisha tarehe moja.

Kuna jambo moja la mwisho. Tangu awe balozi, miaka ishirini na mitatu, hajashika usukani. Leseni yake ilikwisha muda zamani. Mwezi wa Mei alimwomba mkuu wa madereva amfundishe, na kila asubuhi, kabla ofisi hazijafunguliwa, mmeona gari dogo jeupe likizunguka uwanja wetu kwa wasiwasi. Majeruhi ni vyungu viwili vya maua na kibao kimoja kilichoandikwa "Endesha Polepole." Alipokwenda kwenye mtihani wa leseni, mkaguzi alimfelisha kwa kushindwa kurudi nyuma. Walinzi walitaka kuuliza jina la mkaguzi huyo. Balozi alimpa mkono, akawageukia. "Mwacheni," akasema. "Huyu ndiye ofisa niliyekuwa namtafuta miaka minane." Alirudi baada ya wiki tatu, akapanga foleni, akafaulu.

Kwa hiyo Ijumaa, hotuba zikiisha na funguo zikishakabidhiwa, hakutakuwa na msafara. Balozi ataliendesha gari lile mwenyewe, Shemeji kando yake akiwa amefunga mkanda, na watatoka langoni kwenda nyumbani. Wafanyakazi mnaombwa kujipanga kwenye ngazi, wala si kando ya maua.

Dada yetu, asante kwa kutusoma sote kabla ya kutupa namba. Asante kwa kungoja, na kwa kukosea hadharani ili nasi tusiogope kusema tumekosea. Tunakutakia siku ndefu zisizo na ratiba, afya njema, nyumba yenye kelele za wajukuu, na maisha mema wewe na Shemeji. Ukifika njia panda usiwe na haraka. Wenye magari mengine watakupisha, wanakujua.